Uji Uliovunja Bima

Tobias Awiti alimgonga mtu akiwa anapunga mkono. Hilo hakuliandika popote, polisi hawakulijua, na kampuni ya bima hailijui mpaka leo. Ilikuwa Jumamosi alasiri, Parklands, na alikuwa amemwona mwenzake wa ofisini kando ya barabara, mtu ambaye kwa miaka mitatu alimcheka kwa kwenda kazini kwa miguu. Mtu wa namna hiyo humpiti hivihivi ukiwa ndani ya Datsun yako mwenyewe, hata kama ni Datsun ambayo wenyewe wa kwanza walishaichoka. Tobias akashusha kioo, akatoa mkono mzima nje, akatabasamu kama mgombea ubunge. Alipogeuza uso, baiskeli ilikuwa tayari chini ya bampa na gari linaelekea kwenye nguzo ya lango la watu.

Mkewe, Milcah Namalwa, alikuwa ameketi kando yake. Aliona mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitazama barabara.

Mwenye baiskeli aliitwa Mbithi, mkata nyasi wa nyumba tatu nne za mtaa ule. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa unaonekana, naye alikuwa akiuliza kama baiskeli imepona. Tobias alishuka, akazunguka mbele ya gari, akainama, akaikagua taa. Aliitazama taa kwanza, kisha radieta, kisha ndipo akamtazama mtu. Milcah alikuwa ameshapiga magoti na kumwekea Mbithi leso yake chini ya kichwa.

"Usimshike!" Tobias akamwambia. "Insurance hawataki mtu kushikwashikwa."

Tangu siku hiyo neno insurance lilihamia kwao Waithaka, likakaa mezani kama mgeni asiyejua kuaga.

*

Tobias alikuwa karani wa stoo katika wizara moja kule Upper Hill. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mafaili na mopu, lakini ukimsikia akiongea ungedhani wizara nzima imelala kichwani mwake. Bima yake ilikuwa comprehensive. Alilitamka neno hilo polepole, kipande kwa kipande, kwa majirani, kwa mzee wa kanisa, hata kwa mwuza maziwa.

"Third party ni ya watu wa kubahatisha," alisema. "Mimi niko na comprehensive. Gari itatengenezwa, yule jamaa atalipwa, mimi naweka miguu juu tu."

Milcah alimsikiliza huku akikoroga mboga. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya chekechea ya kanisa, na kazi ile ilikuwa imemzoeza kusikiliza watu wakijisifu kwa mambo ambayo hawajayafanya bado. Yeye alikuwa akiwaza juu ya ploti. Hapo Waithaka walikuwa na ploti moja na nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na mawe mengi yalinunuliwa kwa mshahara wake wa chekechea na kwa sweta za shule alizofuma miaka tisa mfululizo. Kaka yake Mbithi alikuwa ameshapata wakili, na wakili ameshaleta barua: shilingi elfu sitini. Gereji nayo ilitaka elfu ishirini na nane. Tobias na Milcah walikuwa na shilingi mia nne benki. Bima ikikataa kulipa, kilichokuwepo cha kuuza ni nyumba ile peke yake.

"Na wakikataa?" akauliza.

"Wakatae kwa nini? Nimeandika kila kitu kwa form. The cyclist emerged suddenly. Yaani alitokea ghafla."

"Tobi, alikuwa mbele yetu muda mrefu. Hata nilikuambia."

"Milcah, hiyo form si ya wewe kujaza."

*

Jumatatu, baada ya kufunga shule, Milcah alichemsha uji wa wimbi, akaumimina katika thamosi, akaenda hospitali kuu. Hakumwuliza mtu. Alivyolelewa na mama yake, ukimwaga damu ya mtu, hata kwa bahati mbaya, hukai kwako ukila na kushiba kana kwamba hakuna kilichotokea. Unakwenda, unamtazama usoni, unampelekea chakula, unarudi kesho. Usipofanya hivyo unaitwa mnyama, na unastahili.

Wodini aliandika jina katika daftari la wageni, M. Namalwa, akamkuta Mbithi mguu umening'inizwa juu kwa kamba na mawe.

"Wewe ni nani, mama?" Mbithi akauliza.

"Mimi ni mke wa yule aliyekugonga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Kisha Mbithi akasogeza mkono wake ili apate nafasi.

"Basi kaa hapa kitandani. Viti hakuna."

Alikwenda kila siku kwa wiki tano. Alijua Mbithi ana watoto wanne Kitui, alijua anaogopa kukatwa mguu, alijua hapendi sukari nyingi. Tobias hakwenda hata mara moja. Ofisi yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka wodi ile. Akisimama kwenye dirisha la stoo angeweza kuliona paa la hospitali. Jioni, akivua soksi, angeuliza tu:

"Yule jamaa anaendelea?"

"Anaendelea."

"Mwambie namsalimia."

Milcah hakuzifikisha zile salamu. Aliona haya kuzibeba.

*

Kampuni yenyewe iliitwa Kinga Imara, ghorofa ya nne, katikati ya mji, na lifti yake ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi iliyokwisha kuwa ya manjano. Tobias alizipanda ngazi zile mara sita. Mara ya kwanza alitakiwa kuleta abstract ya polisi, ile taarifa ya ajali. Mara ya pili abstract ilikosa muhuri. Mara ya tatu walitaka picha za gari, na mara ya nne wakataka picha hizohizo ila zilizopigwa upande mwingine. Mara ya tano bwana mhusika alikuwa ametoka kwenda kula saa nne na nusu asubuhi, na mpaka saa tisa alikuwa bado anakula.

Nyumbani Tobias alinguruma. Angewaonyesha, angewaandikia, angemwona mkurugenzi mwenyewe. Milcah karibu aamini, mpaka siku alipofuatana naye gereji.

Gereji ilikuwa ya Tarlochan Singh, mzee wa kilemba cha buluu na mikono iliyoiva kwa grisi, ambaye gari lilivutwa hadi kwake siku ileile ya ajali kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Datsun ilikuwa imeegeshwa ukutani, pua imebonyea, kuku wawili wamelala chini yake.

"Bwana Awiti, wiki ya tano hii," Tarlochan alisema. "Insurance nasema nini?"

"Wanaprocess, Mista Singh. Kesho kutwa tu, hi hi hi."

"Kesho kutwa ya wewe mingi sana. Mimi nataka nafasi ya gari. Mama, kaa hapa, simama bure ya nini?" Akampangusia Milcah kigoda kwa kitambaa safi alichokitoa mfukoni. Kisha akamgeukia Tobias tena. "Mwisho wa mwezi kama hakuna barua ya insurance, mimi nauza hii kwa spea."

"Hakuna shida, Mista Singh, hakuna shida kabisa. Hi hi hi."

Milcah hakuwa amekisikia kicheko kile kabla. Kilikuwa chembamba, cha mtu anayejisogeza ukutani ili wengine wapite. Hivyo ndivyo anavyowangurumia, akawaza, na kwa mara ya kwanza alimwonea mumewe kinyaa, kinyaa hasa, cha kumfanya ageuze uso.

*

Mara ya saba Tobias aliitwa kwa barua, na barua ilisema aje na "yule mwanamke anayezuru hospitali." Tobias aliisoma mara tatu. Akavaa suti ya harusi za watu, Milcah akavaa gauni lake la Jumapili.

Bwana mhusika aliitwa Ngui. Alikuwa mnene kiasi, mwenye tai pana, na alikuwa akinyonya peremende, akiihamisha kutoka shavu hadi shavu. Hakuinuka. Alimwonyesha Tobias kiti, na kwa kuwa kilikuwapo kiti kimoja tu, Milcah alisimama mpaka alipoona boksi la mafaili karibu na mlango, akalikalia.

"Mr. Awiti, faili yako ilikuwa nzuri sana," Ngui alisema kwa huzuni ya kununuliwa. "Sana. Kisha mtu wetu akaenda kuchukua statement ya majeruhi." Akafungua karatasi, akasoma: "'Mke wa dereva huja kila siku kuniletea uji, na ananiambia pole. Mungu ambariki.' Unaona? Mungu ambariki."

"Ni... ni uji tu, sir."

"Uji tu? Umesoma policy yako? Condition ya saba. Mwenye bima hatakubali kosa, hataahidi chochote, na hatatoa malipo ya aina yoyote kwa mtu mwingine bila ruhusa ya kampuni kwa maandishi. Uji ni kitu chenye thamani. Wiki tano za uji! Na pole kila siku! Wakili wa yule jamaa atasema nini kortini? Atasema mlijua mna makosa, ndiyo maana mkamlisha. Sasa kwa nini Kinga Imara ilipe?"

Milcah aliongea kutoka pale kwenye boksi. "Mtu amevunjika mguu. Asipelekewe chakula?"

Ngui hakumtazama. Aliihamisha peremende.

"Mr. Awiti, kama ni mke wako aliyefanya hivi, ni kama umefanya wewe, na mimi nafunga hii faili leo. Lakini natazama hapa." Akaweka kidole juu ya karatasi nyingine. "Kwa register ya wodi jina ni Namalwa. Wewe ni Awiti. Uko na cheti cha ndoa?"

"Sir, tulioana kienyeji. Mimi nilipeleka ng'ombe, na wazee wakaketi..."

"Sijauliza ng'ombe. Nimeuliza cheti."

"Hakuna."

"Vizuri." Na kweli uso wake ulionyesha kuwa ni vizuri. "Basi kwa kampuni mke hayuko. Mimi naandika ninachoambiwa. Nakuuliza sasa, na ufikiri kabla ya kujibu. Huyu aliyekaa pale ni nani?"

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, kwa hiyo hata mlio haukusikika. Tobias alimtazama Milcah, au tuseme aliutazama mkoba wake. Milcah aliona midomo yake ikitafuta umbo. Alijua kinachokuja, na bado alidhani hakitakuja.

"Ni msichana wetu wa kazi," Tobias akasema.

"Wetu? Wewe na nani?"

"Wangu. Msichana wangu wa kazi. Hi hi hi."

Ngui akaandika, akaifunika kalamu. Alijua kila kitu, mwenye macho yoyote angejua: gauni la Jumapili, miaka thelathini na minne, pete ya shaba kidoleni. Kujua hakukuwa kazi yake.

"Nitakuja Waithaka Alhamisi kuthibitisha. Home visit, saa kumi." Akanusa hewa kidogo. "Nyinyi watu wa western, nasikia mnapika kuku vizuri."

Kwenye ngazi Milcah alitangulia. Tobias alimfikia ghorofa ya pili, akihema.

"Milcah, ni ya karatasi tu. Unataka nyumba iuzwe? Sema, unataka?"

Hakutaka. Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Aliwaona watoto wake wawili wakilala chumba kimoja cha kupanga pamoja na jiko na ndoo, akaendelea kushuka.

*

Jumatano alikwenda wodini bila thamosi. Mbithi aliutazama mkono mtupu, kisha akamtazama usoni.

"Nimekuja kukuaga," Milcah alisema. "Bima hawataki nije. Wanasema nikija ni kama nimekubali makosa."

"Kwani makosa ni ya nani?"

Milcah aliitazama ile kamba iliyoshika mguu.

"Yule kijana wa kampuni aliniuliza kama kuna mtu ananisaidia," Mbithi akasema polepole. "Nikakusifu. Nilifikiri ukisifiwa watakusaidia na wewe. Kumbe nimekuharibia?"

"Hapana, baba. Hukuharibu. Wewe ulisema kweli."

Alimtengenezea shuka, akaondoka upesi. Nje, karibu na ukuta wa chumba cha nguo chafu, alilia kwa hasira mpaka mlinzi akamwuliza kama amefiwa.

*

Alhamisi watoto walipelekwa kwa jirani. Tobias alirudi mapema, akashusha picha ya ukutani waliyopiga studio mwaka waliooana, akaisukuma chini ya kitanda. Akatoa magauni ya Milcah kabatini, akayatia gunia, akalipeleka jikoni. Kisha akasimama mlangoni akiwa na aibu ya kutosha kukohoa, lakini si ya kutosha kunyamaza.

"Vaa ile leso ya zamani. Na viatu vua. Akiuliza kitu, mimi nitajibu."

Ngui alikuja saa kumi na moja, akiwa na mkoba wa ngozi na tai nyingine. Alitembezwa nyumba nzima kama mnunuzi. Aligonga kuta, akasifu mawe.

"Umejenga, bwana. Umejikakamua."

"Tunajaribu, sir. Kidogo kidogo," alisema mtu ambaye katika ukuta ule alichangia mlango na misumari yake.

Milcah alileta maji ya kunawa. Alisimama na birika na beseni, akammiminia Ngui mikononi, akapiga goti kidogo kama mjakazi anayejua kazi. Akaleta kuku, akaleta ugali, akarudi jikoni kukaa juu ya gunia la nguo zake. Walikula kwa muda mrefu. Ngui aliuvunja kila mfupa, akaunyonya.

"Dada!" aliita. "Ongeza supu."

Akaongeza. Alipokuwa akiinama, Ngui alimtazama uso kwa uso, mara ya kwanza, akatabasamu kwa kona ya mdomo. Hapo ndipo Milcah alipoelewa kwamba huyu hakuja kuthibitisha chochote. Alikuja kula kuku na kuona wanaweza kushuka mpaka wapi.

"Sasa, Mr. Awiti," Ngui alisema, akijipangusa. "Huyu alienda hospitali kwa ruhusa yako?"

"Hapana, sir. Sikujua kabisa."

"Ulipojua, ulichukua hatua gani?"

"Nilimgombeza sana."

"Kugombeza hakuna maandishi. Mkubwa wangu atauliza: mfanyakazi anaingilia mambo ya bima, anahatarisha kampuni, halafu bado ako kazini? Haiingii akilini. Mwandikie barua ya kumfuta. Nakala moja ya faili, moja yake. Halafu tumalize."

Kama kuna kitu Tobias alikipenda kuliko gari ni kuandika barua ya ofisi. Alileta karatasi na karatasi ya kaboni, akakunja mikono ya shati. Milcah aliitwa asimame mbele ya meza, kwa kuwa Ngui alisema ni lazima mhusika awepo. Kalamu ilikwaruza. Tobias alianza kwa woga, lakini kufikia mstari wa tatu alikuwa ameshasahau anamwandikia nani. Ulimi ulitoka nje pembeni ya mdomo. Alifuta neno moja, akatafuta lililo kali zaidi.

Alipomaliza aliisoma kwa sauti, kwa Kiingereza chake chote, kisha Ngui akataka isemwe kwa Kiswahili ili mhusika asikie. Tobias akasema huku akitazama karatasi:

"Kwa sababu ulienda hospitalini bila ruhusa, na kwa sababu ya tabia yako ya kutosikia, unaachishwa kazi katika nyumba hii. Tarehe thelathini ya mwezi huu utatoka na vitu vyako vyote. Usirudi tena kwa sababu yoyote."

"Safi," Ngui akasema. "Anajua kuandika, huyu?"

Milcah alimtazama mumewe. Mwanamke aliyemfundisha mtoto wao wa kwanza kusoma, aliyefundisha nusu ya watoto wa Waithaka kushika penseli, alisimama peku katika nyumba yake akingoja jibu.

"Kidogo tu, sir," Tobias akasema. "Hajasoma sana."

"Basi dole litatosha."

Kitambaa cha wino kilitoka katika mkoba wa ngozi. Angeweza kukataa. Neno moja tu lingetosha, na yeye mwenyewe alilisikia likipanda kooni. Lakini alizitazama zile kuta, akakumbuka sweta, nyingine alizifuma akiwa na mimba, nyingine akiwa na homa. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi mara mbili, la faili na lake. Akachukua nakala yake, akaikunja vizuri, akaitia kifuani.

*

Mlango ulipofungwa nyuma ya Ngui, Tobias alicheka kwa sauti, akajipiga paja.

"Imekwisha! Umeona vile nimecheza na yule mtu? Milcah, kuja hapa. Lete chai."

"Ndiyo, bwana," Milcah akasema.

Alileta chai, akaiweka, akarudi jikoni. Tobias alidhani ni mzaha, akaucheka. Usiku ule alipoamka kutafuta mke alimkuta chumba cha watoto, amelala na mdogo mgongoni. Kesho yake ikawa vilevile. Milcah alimpakulia, Tobias akala peke yake mezani. Milcah na watoto walikula jikoni baadaye. Alibisha hodi kabla ya kuingia chumbani kuchukua nguo chafu. Alimwita bwana. Picha ilibaki chini ya kitanda, na magauni katika gunia.

Wiki ya kwanza Tobias alikasirika. Wiki ya pili alinunua nyama kilo mbili, kitu ambacho hakijapata kutokea katikati ya mwezi.

"Milcah, sasa ni nini hii? Mimi nilikuwa naokoa nyumba yetu."

"Ndiyo, bwana."

"Usiniite bwana!"

"Nikuite nani? Barua imeandikwa kwa heshima, nami najibu kwa heshima."

"Ile ni barua ya insurance! Kila mtu anajua ni ya uongo."

"Niliisoma yote," Milcah akasema. "Niliisoma mara nyingi, kwa sababu ninajua kusoma. Hakuna mahali pameandikwa kwamba ni ya uongo."

Tobias alikwenda kumshtaki kwa mzee wa kanisa. Mzee alipouliza kisa kilianzaje, Tobias akaona ni hadithi ambayo haiwezi kusimuliwa na mwanamume aliyevaa suruali, akarudi nyumbani bila kumaliza chai aliyokaribishwa.

*

Bima ililipa. Tarlochan Singh alipata hundi yake, akainyoosha Datsun, akaipaka rangi. Mbithi alitoka hospitali kwa magongo. Wakili wake alipatana na Kinga Imara wakamaliza kwa elfu kumi na moja, na baada ya wakili kukata chake, mkata nyasi akarudi Kitui na kitu kama elfu tano na mguu mmoja mfupi. Ngui alipandishwa cheo mwaka uliofuata, na aliyekuwa akijua faili zake hakushangaa.

Tarehe thelathini iliangukia Ijumaa. Tobias aliomba ruhusa ofisini, akaenda Parklands, akaichukua Datsun. Aliiendesha polepole kupita Upper Hill ili waliokuwa madirishani waone, akapita hospitali kuu bila kugeuza shingo, akafika Waithaka saa kumi akiwa amejaa furaha. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mkate, soda za watoto, na kitambaa cha gauni alichomnunulia Milcah. Alikuwa ameshapanga atakavyosema. Atasema, haya, yaliyopita yamepita, ingieni tukazunguke.

Milcah alikuwa barazani, viatu miguuni, amevaa lile gauni la Jumapili. Kando yake palikuwa na gunia la nguo, sanduku la bati na mashine ya kufumia sweta. Watoto walikuwa wamevaa sare za shule, kila mmoja na furushi lake. Alikuwa amepanga chumba Kawangware kwa mwalimu mwenzake, Phoebe, chumba kimoja, jiko na ndoo humohumo. Asubuhi hiyo alikuwa amefagia nyumba nzima, akapiga deki hadi pembe za kuta, na alipofika ukuta wa sebuleni aliuwekea kiganja, akalia kwa muda mfupi, akamaliza kupiga deki.

Tobias alisimama na ufunguo mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Leo ni tarehe thelathini."

"Milcah, acha utoto. Nyumba iko. Gari imerudi. Hakuna kitu tumepoteza hata kimoja!"

"Ndiyo. Vyote vimerudi."

Kijana wa mkokoteni alikuwa ameshafika langoni. Milcah alimwonyesha sanduku, akamwambia aanze na mashine, aishike taratibu. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wao, ndoo mikononi, wakisahau kuteka maji. Tobias aliwaona, akashusha sauti, na kile kicheko kikamtoka bila kuitwa.

"Hi hi hi. Basi ngoja giza liingie. Hawa watu watasema nini? Mimi nitawaambia nini?"

Milcah aliingiza mkono kifuani, akatoa ile karatasi iliyokunjwa, akalitazama dole lake jeusi chini ya mwandiko mzuri wa mumewe, akairudisha.

"Waambie ulinifuta kazi," akasema. "Wakikubishia, nakala iko kwa Ngui."